Baba mkwe wangu alikuwa healer, na hakukubali kunishika mkono

Wakuu, salaam. Mnaostahili shikamoo zipokeeni, wenzangu habari za leo.

Huwa napita hapa kusoma nyuzi za watu, nacheka, naondoka. Leo nimeona na mimi niache wangu. Ninayoyaandika yamenipata mwenyewe, na watu ninaowataja wapo hai. Mmoja wao yuko hapo nje sasa hivi anamfokea ndama.

Nimeandika hadithi nyingi za kutunga. Hii haikunipa nafasi ya kutunga chochote.

Ni uzi wa game ya simu. Ni uzi wa ukwe pia. Nivumilieni, vitu hivyo viwili vinakutana mbele.

Nimezaliwa Mbalibali, Serengeti. Nimeolewa Nyanungu, Tarime. Kwenye ramani si mbali. Kwenye desturi ni mbali sana.

Nyumbani kwetu mama yangu na babu mzaa baba walikuwa wakikaa mkeka mmoja, wanapukuchua mahindi na kubishana kuhusu mahubiri ya Jumapili. Babu alimwita mama "mwalimu", ingawa hakuwa mwalimu, kwa sababu tu alisoma Biblia haraka kuliko wote. Nikakua nikijua kwamba baba mkwe ni baba wa pili, mwenye utani kidogo.

Nyanungu nikakuta mengine.

Katika familia hii ya Kikurya, baba mkwe na mke wa mwanawe wanaheshimiana kwa umbali. Hamshikani mikono. Hamli pamoja. Yeye haingii kwako, wewe huingii kwake. Jina lake hulitamki, na ndiyo maana hapa namwita Mzee tu. Mkikutana njiani, mmoja anapisha.

Mume wangu Marwa alinieleza yote kabla ya harusi. Nikatikisa kichwa kama mwanafunzi anayedai ameelewa hesabu.

Lakini kuambiwa si kuona. Siku ya kwanza nilipomwona mtu mzima, ana koti lake na fimbo yake, anageuka katikati ya njia na kurudi alikotoka kwa sababu nimetokea na ndoo ya maji, nilicheka.

Mara ya ishirini sikucheka tena.

Sasa game.

Marwa ni fundi umeme wa magari, kazi yake iko Mwanza, nyumbani anakuja mara moja kwa mwezi. Tulipooana tukakubaliana kwamba jioni, badala ya kuulizana "umekula?" kila siku, tutacheza pamoja mtandaoni. Ni ile michezo ya dunia ya kale isiyokuwepo: misitu, majoka, majumba ya mawe.

Kwa msiocheza: unapoingia, unachagua class. Yaani unachagua utakuwa mtu wa aina gani. Kuna tank, anayebeba ngao na kusimama mbele ili apigwe yeye, wengine wasipigwe. Kuna archer wa mishale. Kuna mage, anayepigana kwa uchawi, moto na barafu vinamtoka mikononi. Na kuna healer, ambaye uchawi wake ni wa kuponya. Hakuna anayeweza yote. Mchezo umetengenezwa hivyo makusudi, ili kila mtu amhitaji mwenzake.

Mimi nilikuwa tank. Watu hushangaa, maana mwili wangu ni wa kupeperushwa. Lakini mtu akiwa ugenini hujifunza kupigwa bila kusema.

Marwa alikuwa archer. Mage wetu alikuwa rafiki yake wa Sirari, kijana mwenye maneno mengi, tunamwita Ochi. Healer hatukuwa naye. Tulikuwa tunakufa ovyo.

Naomba hapa nipite polepole kidogo.

Masika yaliyopita nilikuwa na mimba yangu ya kwanza. Miezi mitano. Ikatoka.

Marwa alikuja, akakaa nilivyohitaji, kisha kazi ikamwita. Mama mkwe alihamia nyumbani kwangu. Alilala sakafuni pembeni ya kitanda changu, akanikanda kwa maji ya moto, akaniimbia nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Kila asubuhi aliniwekea kibuyu cha maziwa, mazito, bado yana joto la ng'ombe, akasimama hapo mpaka nimalize.

Mzee hakuja. Hata salamu hakutuma.

Nilijua haruhusiwi kuingia. Lakini mlango una upande wa nje, jamani. Angeweza kusimama uani akasema pole. Sikusikia kitu. Nikamlilia mtoto wangu, na pembeni ya kilio hicho kukawa na kilio kidogo cha pili, cha aibu, kwamba nimeshindwa kumpa mzee huyu mjukuu na yeye hana neno la kunipa.

Wiki hizo hizo nikasikia Mzee amevunjika mguu. "Ng'ombe amempiga teke," wakasema. Nikasema pole kupitia kwa Mama. Sikuuliza zaidi. Nilikuwa na yangu.

Mzee akarudi kutoka hospitali na plasta hadi gotini na magongo mawili. Mtu aliyezoea kutembea na ng'ombe kutwa nzima sasa anakaa kwenye kiti kando ya ghala, anahesabu kuku. Alikuwa anamfokea kila anayepita.

Marwa alipokuja mwisho wa mwezi akamwachia simu yake ya zamani. Alipofika Mwanza akampigia, na kwa kuwa Mzee huongea na simu kama anaita mtu aliye ng'ambo ya mto, tena ameweka loudspeaker, mimi niliye jikoni hatua ishirini hivi nilisikia kila kitu.

"Baba, nimekuwekea mchezo. Ingia tucheze, usikae bure."

"Mchezo wa nini?"

Marwa akaeleza. Alipofika kwenye mage, Mama aliyekuwa anapepeta mtama akaweka ungo chini.

"Marwa! Nyumba hii mimi nimeiombea miaka yote. Leo unamletea baba yako uchawi kwenye simu?"

"Mama, ni mchezo tu."

"Hata bao ni mchezo. Bao halitoi moto mikononi."

Wakuu, msimcheke. Huku kwetu uchawi si pambo la hadithi. Neno hilo likitupwa juu ya mtu, nyumba yake inaweza kuvunjika, hata kama hajafanya lolote. Mama hakuwa mshamba. Alikuwa mtu anayejua uzito wa kitu.

Mzee akauliza swali ambalo sijawahi kusikia mcheza game akiuliza.

"Huyo anayeroga, wenzake wanamwona?"

"Wanamwona, Baba. Jina lake limeandikwa juu ya kichwa."

"Na nguvu zikimwishia?"

"Zinaonekana pia. Kuna mstari wa bluu, inaitwa mana. Kila akitumia unapungua, mpaka apumzike."

"Basi huyo si mchawi," Mzee akasema. "Mchawi hajiandiki jina. Mama Marwa, endelea na mtama wako."

Halafu ikaja habari ya kuchagua class. Mzee hakuelewa kabisa. Kwa Wakurya kila mtu ana irikora, kundi la kizazi ambalo unazaliwa nalo, linafuata la baba yako, na ndilo linaloamua utamsalimiaje nani. Huliombi, huliachi.

"Mtu anachaguaje kundi lake? Wewe umewahi kuchagua?"

"Huku unachagua, Baba. Chukua la vita, shoka na ngao."

"Wa kupigana si mnao? Wa kufunga majeraha yuko wapi?"

"Hatuna."

"Mnaendaje vitani bila mtu wa majeraha? Ndiyo maana mnakufa kama kuku. Nipe hilo."

Akawa healer. Jina akaandika Mawingu. Ni jina la ng'ombe wake wa kijivu, yule yule aliyemvunja mguu. Nikiwa jikoni nilitabasamu peke yangu. Ni mtu gani huyu asiyemwekea kinyongo ng'ombe, na mimi hanisalimii?

Basi tukaanza kucheza wanne, wanaume wakiongea kupitia maikrofoni za simu, mimi nikiandika tu. Mzee kwenye kiti kando ya ghala, mimi jikoni, uani katikati kuna jiwe la kunolea mapanga na kuku wanachakura. Hatukuwahi kuwa karibu hivyo. Mle ndani mimi ni shujaa mwenye ngao kubwa kuliko mlango, yeye ni kijana wa kanzu nyeupe na fimbo inayowaka.

Nisikilizeni vizuri hapa.

Healer wa game hii ana njia mbili za kuponya. Ya kwanza nitaiita Mkono wa Karibu: anakusogelea, anakuwekea kiganja kichwani, unapona mara moja. Ya pili ni Mkono wa Mbali: anakurushia mwanga akiwa amesimama kwake, unapona kidogo kidogo. Na ukianguka kabisa, kuna njia moja tu. Aje apige goti, akushike mkono, akuinue.

Mzee alimponya Marwa kwa kiganja. Ochi alimponya kwa kiganja, huku akimgombeza. Mimi alinirushia mwanga tu, tena akiwa mbali.

Tukafika kwa joka la darajani. Nikatangulia na ngao, kama kawaida yangu. Mwanga wake ukanifikia mara moja, mara mbili, kisha haukunifikia tena. Nikaanguka katikati ya daraja.

"Baba, nenda ukamwinue!" Marwa anapiga kelele masikioni mwetu.

Kijana wa kanzu nyeupe akarudi nyuma hatua moja.

"Baba, mshike mkono, una sekunde kumi!"

"Nimshike nani? Wewe una akili?"

Ochi wa Sirari akaingilia na Kiswahili chake cha ng'ambo ya mpaka, cha Kenya, ambako mzee ni buda na msichana ni dame. "Buda, si umuinue huyo dame! Anakufa hivyo!"

"Nani buda? Wewe ni mtoto wa nani?"

"Mzee, ni game tu, jameni."

"Nimekuuliza, wewe ni mtoto wa nani?"

Kwenye simu yangu nikamwona yule kijana wa kanzu nyeupe anakimbia hadi nyuma ya mwamba, anasimama, amenipa mgongo. Vile vile kama njiani.

Marwa na Ochi walicheka mpaka wakakohoa. Kwa kweli ilichekesha. Kesho yake tukarudia, nikaanguka tena, akanipa mgongo tena. Siku ya tatu pia.

Siku ya tatu nikazima simu.

Nilijiambia: mle ndani sina uso wangu. Sina sauti, sina mwili, sina tumbo lililopoteza mtoto. Ni picha tu ya askari. Hata picha yangu, mtu huyu anaona afadhali ife kuliko kuigusa. Hii si desturi tena. Hii ni chuki.

Asubuhi nikatoa begi chini ya kitanda.

Mama mkwe akanikuta nakunja nguo. Yeye hubisha hodi akiwa ameshaingia.

"Unaenda wapi?"

"Mbalibali, Mama. Nikapumzike kidogo."

"Kupumzika gani kunabeba hadi masweta?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya, nikichanganya daraja la joka na njia ya kisimani, kanzu nyeupe na koti lake. Hakuelewa nusu yake, lakini akaelewa. Akakaa kitandani juu ya nguo zangu, akazilalia makusudi.

"Mguu wa Mzee ulivunjikaje?"

"Alipigwa teke na ng'ombe."

"Akifanya nini?"

Sikujua.

"Anakamua," akasema. "Mzee wa umri ule, amechuchumaa chini ya Mawingu alfajiri kama mtoto. Mawingu hukubali mkono wangu tu, na mimi nilikuwa huku ndani nakulinda wewe. Nikamwambia achukue maziwa ya ng'ombe mwingine. Akasema hapana, ya Mawingu ndiyo mazito, hayo ndiyo yanarudisha damu. Alikuwa anakamua, anayaweka pale kwenye jiwe la kunolea, anakohoa, anaondoka. Mimi natoka nayachukua. Ulidhani nilikuwa nayatoa wapi?"

Nikakaa chini sakafuni.

"Siku ya tisa akapigwa teke. Nilipofika nilimkuta amekaa matopeni, mguu umepinda, kibuyu amekikumbatia kifuani. Hata tone halikumwagika. Ananiambia, peleka kwanza hiki, bado kina joto. Halafu uje uniangalie."

"Mbona hamkuniambia?"

"Alikataza. Alisema ukijua utaona aibu kuyanywa."

Kisha akaongeza, anainuka, kama jambo dogo: "Na kile kiti chake zamani kilikuwa getini. Hujajiuliza kwa nini kiko kando ya ghala?"

Sikuwa nimejiuliza. Kando ya ghala, ukikaa umeupa mlango wangu mgongo, unasikia kila kinachotokea ndani. Kikohozi. Kilio. Mtu akianguka.

Mama alipotoka, nikawasha simu. Sijui nilikuwa natafuta nini. Nikafungua ukurasa wa mhusika wake, kitu ambacho wachezaji wa timu moja hufanya siku ya kwanza kabisa, na mimi sikuwahi.

Kila unapopanda level unapewa skill points, unaziweka unapotaka uwe na nguvu. Healer yeyote mwenye akili huziweka kwenye Mkono wa Karibu, maana ndio unaoponya haraka. Mle mtandaoni atakayefanya vingine atachekwa.

Mzee alikuwa ameweka zote, kila aliyowahi kupata, kwenye Mkono wa Mbali. Sehemu ya kuongeza nguvu ilikuwa imejaa. Sehemu ya kuongeza umbali ilikuwa imejaa. Kwingine kote sifuri.

Hakuwa amekataa kuniponya. Alikuwa anatafuta jinsi ya kunifikia kutoka pale anaporuhusiwa kusimama.

Nililia, wakuu. Lakini kilio hiki kilikuwa na mahali pa kwenda.

Nilipotulia nikakumbuka jambo la ufundi, na hapa naomba matank wenzangu mnisamehe. Ule mwanga ulikuwa unanifikia mwanzoni, kisha unakoma. Kwa nini? Kwa sababu mimi nilikuwa natangulia mno. Kila pambano nilikimbia mbele peke yangu na ngao yangu, nikatoka nje ya duara ambalo mwanga wake unafika, nikaanguka huko, kisha nikalaumu kwamba hakuna aliyenifikia.

Jioni ile nikaingia. Marwa akauliza kama nimepoa. Nikaandika: nimepoa.

Kwenye daraja la joka sikukimbia. Nilisimama mwanzoni mwa daraja, nikalipiga joka jiwe, nikalisubiri lije. Likaja. Nikapigwa hadi mstari wangu wa uhai ukabaki kama uzi.

Mwanga ukaja kutoka nyuma. Mwingine ukafuata. Sikugeuka kutazama. Nilijua amesimama wapi.

Tulipigana muda mrefu kuliko timu yoyote inavyopaswa, maana mwanga wa mbali unaponya polepole. Mana yake ikaisha, nikajikinga kwa ngao mpaka ijae, akaendelea. Ochi akaanza kusema kitu, Marwa akamwambia, "Nyamaza, waache."

Joka likaanguka.

Kutoka kando ya ghala nikasikia gongo linapigwa chini mara tatu, na Mzee akicheka. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka.

Asubuhi nikapika uji wa mtama. Nikatia kwenye kikombe kikubwa, nikaenda nao hadi kwenye jiwe la kunolea, nikauweka. Nikakohoa. Nikarudi jikoni.

Nikasikia magongo yakija. Nikasikia akinywa. Kisha akasema kwa nguvu, amenipa mgongo, anamtazama ndama wa Mawingu aliyefungwa kwenye mti:

"Wewe ndama! Mwambie anayekaa kule uji ni mzuri. Ila limao limekosekana."

Nikasogea mlangoni, na mimi nikamtazama ndama.

"Ndama, mwambie Mawingu kesho limao litakuwepo."

Hilo ndilo jina lake pekee ninaloweza kulitamka. Alilichagua mwenyewe. Nikaona mabega yake yanatikisika kwa kicheko ndani ya lile koti.

Akasubiri kidogo. Kisha akasema, polepole sasa, si kwa sauti ya ng'ambo ya mto:

"Ndama. Mwambie tena hivi. Mtoto yule nilimlilia. Sikuwa na mahali pa kusimama nikasema hivyo."

Sikumtuma ndama jibu, nililia tu pale mlangoni. Lakini alisikia, kwa sababu kiti chake kiko pale pale.

Begi lilirudi chini ya kitanda.

Nilichojifunza ni kidogo tu, wakuu. Class yangu nilichagua mwenyewe nikaona ni ushujaa, kumbe shujaa anayekimbia nje ya mwanga wa wenzake anajiua. Class yake ya ukwe hakuichagua, hawezi kuiacha, akatumia kila pointi aliyopata kuifanya inifikie. Nilimpima kwa mkono ambao hakuruhusiwa kuutumia, nikasahau kutazama ule mwingine.

Sasa nanyi semeni. Matank, mnatangulia kiasi gani? Na wewe usiyecheza game, kwenu ni nani aliyekupa mgongo miaka yote, na hujawahi kuuliza kiti chake kilihamishwa lini? Nitasoma kila comment, hata za kunicheka.

Ndama anafokewa tena huko nje. Acha nikasikilize naambiwa nini.